Mlango wa Kushoto wa Mbuzi

Tangu Pasaka mume wangu alikuwa anasugua mlango mmoja wa gari. Si milango miwili, ni mmoja tu, wa kushoto, na mahindi mabichi yalikuwa yameshaanza kuuzwa kando ya barabara na yeye bado anausugua. Vumbi lake lilikuwa limeingia kwenye mashuka, kwenye kabati la vikombe, hata kwenye siagi. Asubuhi nikipangusa meza, jioni naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Nimechoka. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mapenzi.

Gari lenyewe ni Pontiac GTO ya mwaka sitini na nane, lenye injini kubwa kuliko akili ya mtu yeyote anayelinunua. Wanaume wa kwetu Ohio huliita Mbuzi. Sijui kwa nini, na sitaki kujua, maana nikiuliza nitaelezwa mpaka chakula kipoe. Norbert, mume wangu, alimnunua Mbuzi kabla hatujaoana. Siku ya harusi tulitoka naye kanisani, baadaye akabeba watoto, kisha chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji ikaanza kumla kutoka chini. Mwisho mtu mmoja akapita taa nyekundu na kutupiga ubavu wa kushoto. Norbert akamsukuma Mbuzi mpaka kwenye gereji nyuma ya nyumba, akamfunika turubai, akasema, "Mwakani."

Hiyo mwakani tumeila na kuinywa miaka mingi. Norbert alikuwa fundi wa kunyoosha bodi kwenye karakana moja upande wa mashariki wa Toledo, na kutwa alinyoosha magari ya watu, yaliyogongwa na walevi, yaliyogonga kulungu, yaliyopanda nguzo za umeme. Akifika nyumbani hana hamu hata ya kuliona la kwake. Mimi nilikuwa napamba keki kwenye duka kubwa la vyakula, nasimama tangu asubuhi nikilainisha krimu, narudi miguu imevimba. Tulikuwa tunakula kimya huku redio ikitangaza besiboli, na Mbuzi yuko huko nyuma chini ya turubai lake.

Lakini kuna kitu kimoja lazima kijulikane kuhusu Norbert. Kwenye karakana ile, kiganja chake ndicho kilichokuwa mwamuzi. Mtu akimaliza ubavu wa gari, kabla haujapelekwa kupulizwa rangi, anamwita Norbert. Norbert anavaa glavu nyembamba ya pamba, anafumba macho, anapitisha kiganja polepole kutoka mbele hadi nyuma. Hakuna anayeongea. Mkono ukienda moja kwa moja mpaka mwisho, kazi imepita. Mkono ukisimama na kurudi, hata kidogo tu, mwenye kazi anachukua ubao wake wa msasa na kuanza upya. Haulizi, hajitetei. Nilikuwa nikimpelekea chakula alichosahau, nawakuta wanaume wazima wenye ndevu zao wamebana pumzi, wanausubiri mkono wa mume wangu. Nilikuwa najisikia raha, siwezi kuficha.

Alipostaafu, turubai likatoka. Nilidhani ni maneno tu, kumbe kweli. Akakata kutu yote, akachomelea bati jipya, akanyoosha kwa nyundo mpaka majirani wakaacha kutusalimia. Kazi zile zilikuwa za macho na nguvu, na macho na nguvu anavyo. Kabla ya baridi kuingia alikuwa amemaliza ubavu wa kulia, akaufunika kwa blanketi letu zuri bila kuniomba.

Baridi hiyo vidole vyake vikaanza kuwa vyeupe, kwanza ncha, kisha mpaka kwenye vifundo. Akawa anaangusha uma mezani. Siku moja alishika sufuria ya moto akaenda nayo hadi sinki, mimi ndiye niliyepiga kelele. Daktari akasema ni zile mashine za upepo, za kusugulia na kukatia, zimemtikisa mikono miaka mingi mno, na mishipa ya vidole haitarudi kama zamani. Ndani ya gari, Norbert akasema, "Yule daktari ni mtoto, hajui kitu. Ni baridi tu." Nikamjibu, "Sawa, mzee, ni baridi." Baridi ikaisha, joto likaja, na vidole vikabaki vilevile.

Ndipo akaanza mlango wa kushoto.

Kazi yenyewe ni hivi. Anapaka puti ya kuziba mabonde kwenye bati, anaiacha ikauke, anaisugua kwa ubao mrefu wenye msasa. Kisha anachukua kopo la rangi nyeusi na kuipuliza juu yake kidogo sana, kama ukungu, halafu anasugua tena. Penye kilima rangi nyeusi inatoka upesi, penye bonde inabaki, na fundi anajua aongeze wapi na apunguze wapi. Kwa mtu ambaye mikono yake inasikia, ni kazi ya siku chache. Norbert alikuwa anakandamiza ubao bila kujua kwamba anakandamiza. Nyeusi ilikuwa inatoka kote, hata kwenye bonde, na bonde linazidi kwenda chini. Anapaka puti nyingine, anaanza tena.

Nililigundua siku niliyompelekea kahawa. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, jasho limechanganyika na vumbi, uso unang'aa kwa furaha.

"Gusa," akaniambia. "Hebu gusa hapo, bibie, halafu uniambie kama umewahi kuona kitu kimenyooka hivyo."

Nikagusa. Chini ya kitasa kulikuwa na bonde, na mbele yake kilima, na mbele ya kilima bonde jingine. Nimepamba keki nyingi sana za harusi, na krimu ikibonyea nasikia kabla sijaona. Nikamtazama usoni. Hakuwa anatania.

"Safi," nikasema. "Kahawa yako inapoa."

Nikaingia ndani nikakaa kwenye ngazi za chumba cha chini, nikaogopa. Sikuogopa kwa ajili ya gari. Gari kwangu ni bati. Nilimwogopa Duane.

Duane ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini alijifunza kazi kwa Norbert, na hadi leo anamwita bosi. Ana sehemu yake ya kupulizia rangi huko ng'ambo ya mto. Aliahidi kumpuliza Mbuzi rangi yake ya zamani, kijani iliyoiva inayong'aa, kabla kazi za majira ya baridi hazijammeza. Ila kwanza angekuja nyumbani kupitisha mkono, kama desturi yao. Rangi ya kung'aa haina huruma, inaanika kila bonde. Nilijua mkono wa Duane utarudi kwenye mlango ule, Norbert atauona ukirudi, na wakati huo hakutakuwa na baridi ya kusingizia. Kiganja cha mume wangu ndicho kitu pekee ambacho watu wa kwetu waliwahi kumheshimia. Sikutaka kisomewe hukumu mbele ya mtu aliyefundishwa na yeye mwenyewe.

Basi nikafanya nilichokifanya. Kila asubuhi Norbert huenda kwenye duka la donati kukaa na wastaafu wenzake, kahawa moja na uongo mwingi. Gari lake la kawaida likishapinda kona, mimi nafunga nywele, navaa barakoa yake, nashika ubao. Nilipaka puti kama ninavyopaka krimu, tabaka jembamba, mkono mwepesi. Nilisugua kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, bila kukandamiza. Nikimaliza napuliza ile nyeusi upya ili akute mlango kama alivyouacha, nafagia, naoga, namenya viazi. Yeye anakuja, anausugua tena, anaharibu kidogo, na kesho yake naanza kwa kurekebisha alichoharibu. Kila mara alikuwa anaharibu kidogo kuliko nilivyonyoosha. Ndiyo hesabu niliyokuwa naiombea.

Bega langu la kulia likaanza kulia usiku na mchana.

"Mbona unashika bega?" akaniuliza tukiwa mezani.

"Nimelilalia vibaya."

"Kila siku unalilalia vibaya?"

"Kila siku nalala, Norb."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye mkate wake wa nyama ya kusaga. Halafu akasema, akiwa ametulia kabisa, "Mlango umeanza kunisikiliza, unajua. Sasa unanyooka."

"Hongera."

"Mkono ndio uleule. Ulikuwa unahitaji mazoezi tu."

Nilichukua sahani yake kabla hajamaliza, nikaipeleka sinki kwa kishindo. Nilitaka aamini hivyo, ndiyo sababu niliteseka, na alipoamini nikatamani kumpiga kwa sufuria. Mtu akichoka hana mantiki. Nilikuwa namfanyia kazi kisha nasikiliza sifa zake, na sina wa kumlalamikia, kwa sababu hata dada yangu nikimwambia leo, kesho parokia nzima inajua.

Duane akaja Jumamosi mchana. Nilikuwa nimeoka keki ya limau, kwa sababu mikono yangu haikuweza kutulia. Akaingia gerejini na tumbo lake na kicheko chake.

"Bosi! Bado hujafa?"

"Nakusubiri utangulie," Norbert akasema. "Una kilo nyingi za kubebwa, waanze na wewe wakiwa na nguvu."

"Mama, unamsikia mzee wako?"

"Namsikia kila siku," nikasema. "Ni wewe unayekuja kwa hiari yako."

Kisha Duane akatoa glavu ya pamba mfukoni. Akaanza upande wa kushoto. Akafumba macho, akaweka kiganja kwenye madigadi ya mbele, lile bati la juu ya gurudumu, akaenda nacho. Kikaingia mlangoni. Kikapita juu, kikapita katikati, kikapita chini ya kitasa, mahali ambapo niliacha ngozi ya vidole vyangu. Kikaenda mpaka kwenye taa za nyuma bila kusimama popote.

"Bosi," Duane akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilisikia kwamba mikono inakusumbua. Watu waongo. Hii kazi siwezi kuifanya mimi."

Norbert alikuwa anatazama sakafu. Mimi nikaegemea ukuta, nikajiambia imekwisha, Loretta, leo jioni unaweka bega kwenye maji ya moto na hutashika msasa tena mpaka kufa.

Duane akazungukia upande wa kulia. Alikwenda kwa mazoea tu, kila mtu alijua upande ule uliisha tangu mwaka jana. Akaondoa blanketi langu, akafumba macho, akaweka mkono. Kiganja kikaingia mlangoni, kikafika katikati, kikasimama.

Kikarudi.

Akajaribu tena, akaanzia mbele zaidi, kana kwamba anatafuta njia ya kupita pembeni. Kikasimama palepale, kikarudi. Akafumbua macho lakini hakumtazama Norbert. Alitazama glavu yake, akaivua, akaivaa tena.

Mimi kichwani nilikuwa nimepiga hesabu zote isipokuwa hii. Upande wa kulia sikuwahi kuugusa. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho nzuri, ile aliyoimaliza akiwa bado mzima. Kumbe mikono ilikuwa imeshaondoka kabla ya theluji, kabla ya daktari, na hakuna aliyeona, hata yeye.

Norbert akaenda kwenye benchi polepole, akachukua ubao wa msasa. Hakuuliza, hakujitetea.

"Bosi, ni kidogo tu," Duane akasema. "Labda puti imekaa vibaya kwa sababu ya baridi. Sielewi. Mbona kushoto ni safi vile?"

"Kushoto si kazi yangu," Norbert akasema.

"Ya nani?"

"Yuko hapo. Ameshika keki."

Duane akanigeukia. Nilikuwa kweli nimeshika sahani ya keki mikononi, sikumbuki niliichukua saa ngapi. Alidhani ni utani, akaanza kucheka, akatuona nyuso zetu, akaacha. Akavua glavu, safari hii akaikunja. "Nafasi yenu ipo," akasema kwa upole. "Mkiwa tayari mnipigie. Mwezi ujao, au ule mwingine. Ipo tu." Akachukua kipande cha keki kwa adabu, akaondoka nacho mkononi.

Tukabaki wawili. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza mpira.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Muongo."

"Loretta, wewe unasugua kama unalainisha keki. Kwenda na kurudi, mstari mmoja. Nimekuta mikwaruzo imelala yote upande mmoja. Mtu wa bodi anakata msalaba, huku na huku, la sivyo anachimba mifereji. Macho yangu bado mazima."

"Na mifereji iko wapi, bwana mkubwa?"

"Haipo," akasema. "Hilo ndilo sielewi."

Hapo hasira zikanipanda zote kwa pamoja. Nikaweka keki juu ya boneti ya Mbuzi, kitu ambacho siku nyingine kingemtoa roho. "Umekaa unanitazama nikiiba kazi ndani ya gereji yangu mwenyewe? Nikidanganya habari za bega? Kila asubuhi unakwenda kula donati ukijua mimi niko huku nakula vumbi?"

"Donati nilikuwa sili. Nilikuwa nakaa tu nisirudi mapema."

"Si ungesema!"

"Ningesema nini?"

"Ungesema asante, mpumbavu wewe!"

Akaugeuzageuza ule ubao mikononi. "Nikisema asante," akasema, "ndiyo nimeshalisema na lile la mikono yangu."

Nilichoka ghafla, uchovu wa kweli, ule wa kutaka kukaa chini popote palipo. Nikautazama ubavu wa kulia wa Mbuzi. Mlango, na madigadi ya nyuma, ubavu mrefu kama njia ya kwenda Cleveland. Nilikuwa nimejiahidi maji ya moto. Nilikuwa nimejiahidi mashuka yasiyo na mchanga.

Norbert akachukua kopo la rangi nyeusi, akalitikisa, akapuliza mlango mzima wa kulia. Hata kidole chake hakikuweza kubonyeza vizuri, ikabidi atumie vidole viwili. Kisha akaweka kopo chini na kulaza kiganja juu ya bati, bila glavu, nyeusi ikamchafua.

"Duane alisimama hapa?"

"Nyuma kidogo."

Akasogeza. "Hapa?"

"Hapo."

Akafumba macho, kama alivyokuwa akifanya wale wanaume wakibana pumzi. Akapitisha kiganja juu ya lile bonde, akarudi, akapitisha tena, taratibu, akisubiri. Nilimwacha. Nilisimama pale nikaona mume wangu akilitafuta bonde ambalo mimi nililiona kwa macho kutoka nilipokuwa.

"Loretta," akasema, bado amefumba macho. "Sisikii kitu."

Hakuwahi kumwambia daktari hivyo. Hakuwahi kuniambia mimi, kitandani wala mezani, hata siku ya sufuria. Nilitaka kumwambia mengi, na yote yalikuwa ya kijinga.

"Najua," nikasema. "Toa mkono basi, unaniziba mwanga. Na ukalete kahawa, mimi leo sitoki humu kwenda kukuletea."

Akanipa ubao. Alipofika mlangoni akageuka, mikono yake myeusi kwa rangi ikining'inia, akasema, "Kata msalaba."

"Nenda, Norb."

Akaenda. Nikamsikia jikoni akifungua kabati ambalo si la kahawa. Nikafunga nywele, nikavaa barakoa yake, nikaweka ubao juu ya bati kimshazari. Bega likalalamika tangu mara ya kwanza. Nikakata huku, nikakata huku.